Maji Ndiyo Yanaleta Ndege: Misimu Yangu ya Kaskazi Pale Mida

Nikimuonyesha mtu picha za ndege wa Mida swali la kwanza huwa ni lenzi gani hiyo, na namjibu, lakini kabla hajaondoka na mimi namuuliza, leo mwezi ni siku ya ngapi? Wengi hawajui. Na hapo ndipo ilipo kazi yote manake unaweza kuja Mida na lenzi ya bei ya ploti lakini ukute maji yamekupwa, ndege wako huko mbali karibu na mkondo, vidoa vyeupe tu kwenye tope, alafu joto linachezacheza juu ya tope mpaka hata kile kidoa hakina umbo. Mwenzako akija na lenzi ya kawaida siku ambayo maji yanajaa kwa wakati mzuri, ndege wanamfuata wenyewe pale alipoketi mpaka anaona jicho. Hili nimelishika kwa misimu kadhaa ya kaskazi na ndio naliandika hapa, kwa sababu vijana wengi wa huku kwetu Kilifi na Malindi wameanza kupiga picha za ndege na wanadhani shida yao ni pesa ya kamera.

Kwa asiyepajua, Mida Creek iko Watamu, ni mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kupitia mlango mwembamba alafu unapanuka ndani kuwa uwanja mkubwa wa tope na mchanga umezungukwa na mikoko. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, na upande wa barabara kuu ya Mombasa-Malindi kuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Maji yakipwa unaona tope mpaka macho yachoke, yakijaa inakuwa ziwa. Bamvua ya kwetu, yale maji makubwa, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mahali ulipotembea asubuhi jioni mtumbwi unapita.

Mimi nafanya kazi ya hoteli Watamu, na kaskazi ndio msimu wa wageni, Waitaliano wamejaa, ofu ni za kubahatisha. Siwezi kwenda krikini nikakaa siku nzima nikisubiri bahati. Nikipata masaa manne kati ya shifti na shifti lazima niwe najua nayatumia vipi, na hilo ndilo lililonifanya nianze kuhesabu mwezi kabla sijahesabu kitu kingine chochote.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja mvuvi wa pale Mida. Nilikuwa nimemkuta ameketi chini ya mchu anashona wavu, nikamwamkia, shikamoo babu, akaitikia marahaba mwanangu, nikamuuliza hawa ndege watasogea saa ngapi. Hakuangalia saa wala simu. Akasema, "Mwezi umeandama juzi. Leo maji yajaa baada ya saa kumi na moja. Keti hapa kwenye mizizi, saa tisa utawaona waanza kurudi, wakija usijitikise." Na ikawa hivyo hivyo. Nikamuuliza amejuaje, akanieleza kama anayemweleza mtoto jina lake: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na pwani hii ya kwetu bamvua hujaa kama saa kumi, ya jioni na ya alfajiri, ikapwa kama saa nne. Kila siku inachelewa kidogo. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na mambo yamegeuka, yanajaa saa nne na kupwa saa kumi.

Baadae nikaja kulinganisha na jedwali la maji la Kilindini na app ya simu, kucheleweshwa kwenyewe ni kama dakika 50 kwa siku. Sasa fikiria maana yake kwa mpiga picha. Bamvua ya siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama, maji yanajaa kama saa kumi na moja na nusu jioni, yaani kuanzia saa tisa mpaka kumi na moja ndege wanasukumwa kuja ukingoni, na hiyo ndio saa jua limeshuka, mwanga umekuwa wa dhahabu. Na ukiwa upande wa kijiji cha Mida, upande wa barabara kuu, jua liko mgongoni kwako kwa sababu unatazama mashariki. Maji, mwanga, na ndege vinakutana mahali pamoja siku chache tu kila baada ya wiki mbili. Mimi ofu zangu siku hizi naomba kwa kalenda ya mwezi, bosi wangu ameshazoea.

Maji mafu usijisumbue sana. Maji hayafiki juu, tope linabaki wazi, ndege hawana sababu ya kuja karibu, watakula huko huko walipo. Siku hizo nenda na darubini ufurahie tu au kaa nyumbani usafishe vifaa.

Na hawa ndege wenyewe ni wageni kama wale wa hotelini. Kwao ni baridi sai, tope la kule juu limeganda au limefunikwa na theluji, huku kwetu tope haligandi mwaka mzima na limejaa kaa, kamba wadogo na minyoo. Yule kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, Calidris ferruginea, anazaa kaskazini kabisa mwa Siberia, mpaka Mida ni zaidi ya kilomita 8,000 na yeye mwenyewe uzito wake ni kama gramu 60. Wakubwa wanaanza kuingia Agosti, watoto wanafuata, na ikifika Aprili au mwanzo wa Mei wengi wameondoka. Lakini picha nzuri ziko Disemba mpaka Machi kwa sababu kaskazi imetulia, anga safi, mvua hakuna. Wale vijana ambao hawajafika umri wa kuzaa wengine hubaki mwaka mzima, hata kusi ikivuma utawakuta.

Ila ndege wa Mida hasa, yule watu wanatoka nchi za mbali kumuona, ni Dromas ardeola, mla kaa. Mkubwa, mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu-buluu na mdomo mweusi mnene ambao ukiutazama unaelewa umeundwa kwa kazi moja. Yuko peke yake kwenye familia yake, hana ndugu wa karibu. Huyu hatoki Siberia, anazaa pande za Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, na anachimba shimo mchangani, anaingia humo anataga yai moja jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Binamu yangu anaishi Muscat na nilipomtumia picha aliniambia hawa hata kule wako, kweli, Barr al Hikman wanakaa kwa maelfu wakati huu wa baridi. Njia ile ile ya majahazi ya zamani, Ghuba mpaka huku kwetu, na wao wanaipita kwa mbawa.

Wacha niwaeleze jioni ya bamvua inavyokwenda manake ukijua mpangilio unajua uelekeze lenzi wapi. Saa nane bado wametawanyika kila mtu na kipande chake cha tope. Maji yakianza kuingia yanaingia kupitia kwenye mikondo kwanza, kimya kimya, tope bado linaonekana kavu lakini ukitazama vizuri mashimo ya kaa yanaanza kutoa mapovu. Wale wenye miguu mifupi ndio wa kwanza kuhama, vitwitwi wadogo na wale wa mchanga (sand plover), wanakimbia mbele ya maji wakila, wanaruka kidogo, wanatua, wanakimbia tena. Sululu hawana haraka, miguu mirefu, wanasubiri mpaka maji yafike magotini. Mla kaa ndio wa mwisho, na wao wanakuja kwa kundi, wakipiga kelele, sauti fulani ya kubweka ambayo ukishaisikia hutaisahau. Mwisho kabisa fungu la mchanga linabaki kipande kidogo, wote wamebanana pale wametazama upepo upande mmoja, na sululu na kitwitwi wa Terek wengi wanapanda kwenye matawi ya mikoko, mahali pao ni ile mikoko ya mlilana iliyo mbele kabisa majini.

Hapo katikati, kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na nusu, ndio utaona mla kaa akifanya kazi yake karibu. Anatembea hatua tatu nne, anasimama ameinamisha shingo, anatulia kabisa, alafu ghafla anakimbia na kudunga. Kaa akitoka ameshikwa kwa gando. Anamtikisa kwa nguvu mpaka gando linang'oka, anamwachia chini, anamdunga mgongoni, anamtikisa tena miguu inaruka. Na pembeni yake, ukiangalia, kuna mwingine wa rangi ya kijivu kidogo, ameinama, amejikunja anapiga filimbi bila kuacha. Huyo ni mtoto wake. Amezaliwa katikati ya mwaka huko Ghuba, amevuka bahari yote hii kwa mbawa zake mwenyewe, mrefu karibu sawa na mzazi, na bado anaomba chakula. Mzazi anang'oa miguu ya kaa anampa kiwiliwili. Ndege wa pwani wa aina hii wengi watoto wao wanajitafutia chakula tangu siku ya kwanza, huyu analea mpaka huku ugenini. Mara ya kwanza kuiona ile filimbi inatoka kwa nani niliweka kamera chini nikatazama tu kwa darubini, na sijuti kwamba sina picha ya dakika zile.

Kitwitwi wa Terek naye ana tabia yake. Mdogo, miguu ya njano-machungwa, mdomo umepinda kwenda juu, anakimbia ameinamisha kichwa kama aliyeangusha shilingi. Akikamata kaa mdogo hali hapo hapo, anakimbia naye mpaka kwenye kidimbwi anamuosha tope ndio anameza. Ukishajua hivyo unaacha kumfuata mbio na lenzi, unafokasi kwenye kile kidimbwi kilicho karibu naye unasubiri. Karibu kila picha yangu nzuri ya huyu ndege iko kidimbwini.

Kuhusu settingi sitaandika mengi, moja tu ambalo watu wa huku linawasumbua. Mla kaa ni mweupe pe na tope ni jeusi, kamera inaona tope ndio limejaa kwenye fremu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na mgongo wa ndege unabaki ule weusi lakini kifua kinaungua, hakuna nyoya hata moja linaloonekana. Punguza ekspoja kwa 0.7 au 1 kamili, washa ile alamu ya sehemu zinazoungua, angalia histogramu, weupe ukae ndani. Weusi wa mgongo utaurudisha kwenye programu ya kuhariri, weupe ukishaungua haurudi. Akiruka na nyuma yake ni anga, kinyume chake, ongeza kidogo. Shata mimi naweka 1/2000 kwenda juu kwa sababu lile dungo la mdomo ni la haraka sana, ISO naiachia otomatiki.

Na shuka chini. Hii nasisitiza. Picha ya ndege wa tope ukipiga umesimama unapata mgongo na tope. Ukilala, lenzi iko sawa na jicho lake, nyuma kunakuwa ukungu laini wa kijani wa mikoko na mbele kuna maji yanang'aa. Mimi natumia karai la plastiki, lile la kufulia, ndani naweka kifuko nilichokishona kwa kanga kuukuu nikajaza mahindi, kamera inalala juu yake. Karai linateleza kwenye tope vizuri, halizami, unalisukuma polepole sentimita kwa sentimita. Kuna vifaa vya kuagiza vya kazi hiyo hiyo lakini karai linauzwa sokoni Gede.

Kitu kingine nimekitazama kwa muda mrefu ni wale akina mama wanaochimba chambo topeni. Wanatembea katikati ya ndege na ndege hawaruki, wanasogea tu pembeni kidogo wanaendelea kula. Mtu mwingine akija, amesimama wima, anatembea moja kwa moja huku amewakazia macho, kundi zima linaondoka akiwa bado mita mia. Nikaanza kuwaiga akina mama. Wameinama, hawaelekei kwa ndege, wanakwenda mshazari, wanasimama muda mrefu mahali pamoja, mikono iko chini. Ndege anajua tofauti ya anayemtafuta na anayetafuta kitu kingine. Niliwauliza kama naweza kukaa karibu nao nikipiga picha, wakakubali, na nilijifunza kwao pia mahali pa kukanyaga, manake lile tope sio lote sawa, kuna sehemu linakubeba na kuna sehemu linakumeza mpaka kiunoni. Vaa sandak zilizokaza, usivae ndara, na usiende miguu mitupu karibu na mizizi kwa sababu ya chaza, zinakata vibaya na kidonda cha tope hakiponi haraka.

Sasa hili la kurusha ndege. Naomba tulizungumze vizuri kwa sababu naona linaongezeka. Kuna mtu anakwenda makusudi kwenye lile fungu la mwisho maji yakiwa yamejaa, anapiga makofi ili wote waruke apate picha ya kundi angani. Kuna wengine wanatumia droni. Mimi naelewa picha ya kundi inapendeza, nazo ninazo, lakini wataruka wenyewe tu, kipanga akipita au maji yakimaliza fungu, subiri. Saa ile maji yamejaa ndio saa yao ya kupumzika, hawana pa kula, hawana pa kwenda, kila wakiruka wanachoma mafuta ambayo wameyatafuta kutwa nzima. Na mwezi wa tatu na wa nne ni mbaya zaidi kwa sababu wanajinenepesha kwa safari, wengine wanaongeza nusu ya uzito wao, na akitoka hapa hana petroli stesheni mpaka Bahari ya Shamu au mbele zaidi. Ukimrusha mara nne kwa jioni moja umemuibia. Dalili za kwamba umekaribia sana ziko wazi kabla hajaruka: anaacha kula, ananyoosha shingo, anatingisha kichwa juu chini, wenzake nao wanainua vichwa. Ukiona hivyo simama, lala chini, rudi nyuma kidogo. Nikiwa na mgeni nampeleka huwa namwambia kabisa hatutavuka hapa, na akilazimisha tunarudi.

Joto. Kuanzia saa nne mpaka saa tisa mchana kaskazi ikiwa imewaka, hewa juu ya tope inatetemeka na hakuna lenzi inayolitibu hilo. Picha inakuja laini laini unafikiri otofokasi imeharibika. Watu wanapeleka kamera kwa fundi bure. Kama lazima upige mchana, piga ndege aliye karibu sana na akiwa juu ya maji, usivuke tope kavu lililokaa juani kutwa, au subiri wingu. Chumvi nayo ni adui wa polepole. Upepo wa kaskazi unaibeba, huioni, jioni unapitisha kidole kwenye bodi kinanata. Kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi kwanza, alafu kikavu, kila siku bila kukosa, na usibadilishe lenzi ukiwa topeni.

Kuwatambua ndio inachukua muda mrefu, sitawadanganya. Wakati wa baridi wote wamevaa kijivu na kahawia. Wale wa mchanga wako wa aina mbili, mkubwa na mdogo, na wakiwa mbalimbali huwezi kuwatofautisha kwa ukubwa, tazama mdomo, wa mkubwa ni mzito na urefu wake unazidi nafasi ya kutoka shina la mdomo mpaka nyuma ya jicho, na miguu yake ni mirefu inaelekea ukijani. Mimi nimejifunza zaidi kutoka kwa picha zangu mwenyewe nikizikuza nyumbani usiku kuliko kutoka topeni. Alafu njoo tena mwisho wa Machi na Aprili utazame yule Calidris wa Siberia anavyobadilika, kijivu kinaondoka kidogo kidogo na wekundu wa tofali unaingia kuanzia kifuani, kila mmoja kwa kasi yake, kundi moja lina rangi kumi. Hiyo wiki ya mwisho kabla hawajaondoka mimi naipenda kuliko zote.

Ukichoka na Mida, nenda mlango wa Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, ni dunia nyingine. Mto unashuka na udongo mwekundu kutoka bara, bahari yote pale ni kahawia. Shakwe na mbayuwayu wa bahari wanakaa kwenye fungu la mdomo wa mto kwa mamia, kuna shakwe wanaotoka Urusi na wengine wanaotoka Bahari ya Shamu wamesimama bega kwa bega, na heroe wakati mwingine wako. Upepo ni mkali, mchanga unaingia kila mahali, fungua begi uwe umeupa mgongo upepo. Na kuna viboko pale, viboko kweli kweli, jioni wanatoka, usiende peke yako na usikae kati yao na maji, chukua kijana wa pale anayejua.

Na Mida kwenyewe usikimbilie bodaboda jua likizama. Kerem, wale wala nyuki wekundu wenye kichwa cha buluu-kijani, hawa ni wa Afrika hii hii, wanazaa ukanda wa Sahel na Ethiopia, msimu wa kaskazi wanashuka pwani na jioni wanakuja kulala kwenye mikoko. Wanaingia makundi makundi kutoka upande wa msitu na mashamba, wanazunguka juu ya mikoko, wanatua wote, wanaruka tena wote, mpaka giza. Mwanga ni mdogo, hapo ISO iache ipande, picha yenye chengachenga kidogo ya kerem mia moja kwenye mti mmoja ni bora kuliko kutokuwa nayo.

Ile njia ya mbao inayopita juu ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege ina kiingilio, na nasikia watu wakilalamika kwa nini walipe kuona ndege wa Mungu. Pesa ile inaingia kwenye mfuko wa basari, ASSETS, ulioanzishwa na A Rocha Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, unaolipia karo watoto wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu na kriki. Mtoto ambaye karo yake imelipwa na ndege, nyumbani kwao hawatakata mkoko kirahisi. Mimi nalipa kila nikienda, na mwenyeji analipa kidogo kuliko mgeni kwa hiyo haiumizi.

Jambo la mwisho ni hizi picha zinakwenda wapi. Zikikaa kwenye simu hazimsaidii ndege. Weka kwenye eBird, ule mtandao wa kuandikia ndege uliowaona, na tarehe na mahali. Angalia miguu ya ndege kwenye kila picha kabla hujaifuta hata kama ni mbaya, kwa sababu A Rocha wamekuwa wakiwavisha pete ndege wa Mida kwa miaka, na nchi nyingine pia wanafanya hivyo kwa rangi na herufi, na picha kali ikikuzwa unaweza kusoma herufi, ukiipeleka kwao utaambiwa alivishwa wapi na lini. Alafu Januari kuna hesabu ya ndege wa maji, inafanyika nchi nyingi kwa wakati mmoja, na huku pwani watu wenye macho mazuri na uvumilivu hawatoshi. Huhitaji kamera hata kidogo, darubini na kalamu. Uliza ofisini kwa A Rocha pale Watamu mwezi wa kumi na mbili watakupanga kwenye kundi.

Ukitokea Mombasa panda matatu ya Malindi, shuka Mida kabla hujafika Gede, bodaboda wanapajua ukisema njia ya mbao. Fika saa nane siku ya bamvua, beba maji ya kunywa lita mbili kwa mtu, kofia, kitambaa cha lenzi na shuka la kulalia topeni, na mkiwa kundi msizidi wanne.